Bendera ya amirali mbele ya kibanda cha Kalemie: namna ya kusoma galoni za wakubwa wa majini

Mwisho wa Oktoba 1915, treni ya Wabelgiji ilifikisha kwenye Ziwa Tanganyika, karibu na mdomo wa mto Lukuga, boti mbili za mbao zilizoundwa Uingereza. Pamoja nazo walishuka Waingereza wasiofika 30. Mkubwa wao alikuwa na michoro ya nyoka mwilini, na muda si mrefu wakaaji wa huko walimwona akitembea amevaa sketi ya kaki. Jina lake lilikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Cheo chake cha kweli kilikuwa cha katikati, sawa na majori katika jeshi la nchi kavu. Lakini vitabu vinavyosimulia safari ile vinasema kwamba mbele ya kibanda chake alipandisha bendera ya makamu wa amirali, yule ambaye kwa Kifaransa anaitwa vice-amiral.

Mahali hapo leo ni Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika na moja ya vituo vya Jeshi la Majini la Kongo. Anayepanda boti kwenda Moba au Uvira hukutana bandarini na askari wa majini, na akiona galoni mabegani huchagua neno lililo rahisi: "shefu" au "komanda". Mara nyingi hakosei sana. Shida inaanza pale anapotaka kujua nani kati ya watu wawili waliosimama mbele yake ndiye mwenye neno la mwisho. Vyeo vya majini vina tabia ya kuchukua majina ya nchi kavu na kuyapa uzito mwingine kabisa, na asiyejua hilo anaweza kumwandikia barua mtu asiyehusika, au kumdharau mkubwa akidhani ni mdogo.

Kapiteni ambaye ni koloneli

Chukua neno "kapiteni". Katika jeshi la nchi kavu, kapiteni ni ofisa anayeongoza kampuni, yaani watu mia na kitu. Kwa desturi ya Ufaransa, ambayo ndiyo iliyotupatia majina tunayotumia Kongo, anavaa galoni tatu. Juu yake yupo majori, kisha luteni-koloneli, kisha koloneli.

Majini mambo yanageuka. Mtu wa galoni tatu, kwenye karatasi, si kapiteni. Ni lieutenant de vaisseau, luteni wa meli. Ajabu ni kwamba wenzake wakimsemesha wanamwita "capitaine". Na wale ambao karatasi zinawaita kapiteni, mdomoni wanaitwa "commandant". Kwa hiyo sikio na karatasi havikubaliani, na mgeni anapotea njiani.

Makapiteni hao wa karatasi ni wa aina tatu. Wa kwanza ni kapiteni wa korveti, galoni nne, sawa na majori. Wa pili ni kapiteni wa frigeti, galoni tano, sawa na luteni-koloneli. Wa tatu ni capitaine de vaisseau, ambaye kwa matamshi ya kwetu ni kapiteni wa veso, naye pia ana galoni tano, na huyo ni koloneli kamili. Ndiyo maana mtu akisikia redioni kwamba "kapiteni wa veso fulani" amefika kukagua kambi, asifikiri ni kijana wa kampuni. Amefika mtu wa ngazi ya koloneli, hatua moja tu kabla ya kuingia kwa majenerali.

Lakini wawili wana galoni tano. Utawatofautishaje? Kwa rangi. Za kapiteni wa veso zote ni za dhahabu. Za kapiteni wa frigeti zimechanganywa: tatu za dhahabu na mbili za fedha, moja moja kwa zamu. Ni hesabu ileile ya luteni-koloneli na koloneli wa nchi kavu katika jeshi la Ufaransa. Ukiwa mbali, au jua likiwa kali, au galoni zikiwa zimechakaa kwa maji na jasho, tofauti hiyo haionekani kirahisi. Mabaharia wenyewe wanajua hilo, na pengine ndiyo sababu mdomo wao umechagua njia ya amani: wote watatu ni "commandant", na hakuna anayekasirika.

Majina yenyewe yanatoka kwenye meli za tanga. Korveti ilikuwa meli ndogo ya vita, ya kupeleka habari na kufukuza wafanyabiashara wa magendo. Frigeti ilikuwa kubwa zaidi, yenye mbio, na mizinga yake mikubwa ilipangwa kwenye sakafu moja. Veso ndiyo iliyokuwa ngome ya bahari: sakafu mbili au tatu za mizinga, mara nyingi mizinga 74 au zaidi, na mamia ya watu ndani. Aliyeweza kukabidhiwa korveti hakukabidhiwa veso. Cheo kilikuwa kipimo cha ukubwa wa chombo ambacho mfalme alithubutu kukuachia mkononi. Meli zile zimekwisha kabisa, lakini majina yamebaki, hata Kongo, nchi ambayo pwani yake ya bahari kule Banana na Muanda haifiki kilomita 40, na ambayo mabaharia wake wengi wanafanya kazi mtoni na ziwani.

Kuna jambo lingine dogo ambalo Mkongomani aliyezoea "mon colonel" na "mon général" hulishangaa. Katika Jeshi la Majini la Ufaransa neno "mon" halisemwi. Ni "commandant" tu, ni "amiral" tu. Watu husimulia kwamba Napoleon aliwanyang'anya mabaharia neno hilo kwa hasira baada ya kushindwa Trafalgar mwaka 1805. Ni hadithi nzuri, lakini haina mizizi. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba "mon" ya wanajeshi ni kifupi cha "monsieur", na mabaharia hawakuwa na desturi hiyo.

Amiri na amirali

Juu ya kapiteni wa veso wanaanza maamirali, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mfaransa mwenyewe. Neno amirali ni ndugu wa neno ambalo tayari analo. Kwa Kiarabu amir ni mwenye amri, na bahr ni bahari. Kiswahili kilichukua yote mawili: amiri, amri, bahari. Tunaposema Amiri Jeshi Mkuu tunatumia mzizi uleule. Wazungu walilipata neno hilo kwenye Bahari ya Kati, hasa kisiwani Sicilia, ambako wafalme wa Kinormani katika karne ya 12 waliwapa wakuu wao wa meli cheo cha Waarabu waliowatangulia. Silabi "al" iliyobaki mwishoni mwa amiral inafanana na kile kiungo cha Kiarabu kilichokuwa kikingoja neno la pili, kama vile mtu alikata sentensi katikati na hakuna aliyeimalizia.

Ngazi za maamirali zinaeleweka kirahisi ukifikiria msafara wa meli nyingi zinazokwenda vitani kwa mstari. Kwa Waingereza wa zamani, amirali alikaa katikati ya msafara. Makamu wake aliongoza sehemu ya mbele, ile inayopokea mizinga ya kwanza. Wa tatu alichunga nyuma. Ndiyo maana hadi leo kwa Kiingereza anaitwa amirali wa nyuma. Wafaransa wanamwita contre-amiral, jina ambalo Mapinduzi yao yalilileta mwaka 1791 badala ya cheo cha zamani cha mkuu wa kikosi cha meli.

Kwa mfano wa Ufaransa basi, contre-amiral ana nyota mbili na ni sawa na jenerali wa brigedi. Vice-amiral ana tatu. Vice-amiral d'escadre ana nne, na amirali mwenyewe ana tano. Wote, mdomoni, ni "amiral".

Mtego mkubwa uko kwenye hesabu ya nyota. Marekani wanaanza kuhesabu kwenye moja. Amirali wao wa chini kabisa ana nyota moja, na anakaa sawa na Mfaransa mwenye mbili. Amirali kamili wa Marekani ana nne. Wa Ufaransa, tano. Anayelinganisha picha mbili kwa kuhesabu nyota tu atampandisha Mfaransa na kumshusha Mmarekani bila kosa lao. Waingereza wao wana njia nyingine kwenye mikono ya koti: pete za dhahabu, ambazo wanazitumia tangu 1856, na ile ya juu ina kitanzi. Luteni-komanda ana pete mbili na nyembamba moja katikati yao. Komanda ana tatu, kapteni ana nne. Kuanzia komodoro inaingia pete moja pana sana, na juu ya hiyo pana maamirali wanaongezewa nyembamba: moja kwa wa nyuma, mbili kwa makamu, tatu kwa amirali kamili.

Bendera nazo zina hesabu ya kinyume inayochekesha. Amirali kamili wa Uingereza anapandisha msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe, bila kitu kingine. Makamu anaongezewa tufe moja jekundu kwenye pembe. Wa nyuma anaongezewa mawili. Kadiri cheo kinavyoshuka, ndivyo bendera inavyozidi kupambwa.

Sasa turudi Kalemie

Spicer-Simson alikuwa luteni-komanda. Pete mbili na ile nyembamba. Inasemwa kwamba hakukuwa na luteni-komanda mzee kuliko yeye katika jeshi zima, na sababu zilijulikana: aliwahi kugonga boti ya wenzake, na mwaka 1914 meli moja iliyokuwa chini yake, Niger, ilizamishwa na manowari ya Wajerumani karibu na pwani ya Uingereza wakati yeye mwenyewe alikuwa nchi kavu. Walimweka ofisini. Alipewa kazi ya Tanganyika kwa sababu maofisa wengine walihitajika kwingine, na kwa sababu kazi yenyewe ilionekana ya wazimu.

Kazi ilikuwa hii. Wajerumani, wakiwa na kituo Kigoma, walitawala ziwa lote kwa meli zao Kingani na Hedwig von Wissmann, na walikuwa wanaunganisha ya tatu, kubwa zaidi, Graf von Götzen. Mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, alipendekeza kupeleka boti za injini kutoka Afrika Kusini. Boti zilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa; wakubwa wake walikataa. Akaleta majina ya Mimi na Toutou, na wakubwa wakakubali, bila kujua kwamba kwa watoto wa Kifaransa ni paka na mbwa walewale.

Kutoka Cape Town zilikuja kwa treni mpaka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ambako zilifika mwisho wa Julai 1915, na kutoka hapo mpaka Fungurume, ambako reli iliishia. Kisha milima ya Mitumba. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa miti, boti zikavutwa na mashine za mvuke, na ng'ombe, na mikono ya mamia ya watu wa Katanga. Mahali pengine maji yalikosekana kwa mashine, na wanawake wa vijiji waliyabeba kichwani. Baadaye reli fupi mpaka Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, na reli tena mpaka ziwani. Hakuna hata mmoja wa wabebaji wale aliyevaa galoni, na majina yao hayakuandikwa karibu popote. Bila wao boti zile zingeozea Fungurume.

Kwa nini mtu aliyefika salama baada ya safari ya namna ile ajitafutie bendera isiyo yake? Jibu liko kwenye jedwali la vyeo. Lukuga ilikuwa kambi ya Wabelgiji. Mwaka 1916 kikosi chao cha Tanganyika kilikuwa chini ya luteni-koloneli Georges Moulaert. Luteni-komanda ni majori. Majori mbele ya luteni-koloneli anapiga saluti na kungoja neno. Spicer-Simson hakutaka kungoja. Alitaka ziwa liwe lake na asiulizwe na mtu, na kwa kuwa galoni zake hazikumruhusu, alitafuta kitu kirefu kuliko galoni, kinachoonekana kutoka mbali: bendera. Kati ya luteni-komanda na makamu wa amirali kuna komanda, kapteni na amirali wa nyuma, bila kumhesabu komodoro, ambaye wakati ule ilikuwa kazi ya muda na si cheo. Alizirusha ngazi hizo zote kwa kamba moja na mlingoti.

Na hapa ni lazima kumpa haki yake. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikaribia pwani ya Lukuga. Mimi na Toutou zilitoka, na vita havikuchukua hata robo saa. Mkubwa wa meli ya Kijerumani aliuawa, meli ikatekwa, ikatengenezwa na kupewa jina la Fifi. London ilifurahi na kumpandisha Spicer-Simson kuwa komanda kamili, kwa tarehe ya siku ile ya vita. Pete ya tatu. Hiyo aliipata kihalali, kwa kazi aliyoifanya. Tarehe 9 Februari 1916 walizamisha Hedwig von Wissmann.

Siku iliyofuata Götzen ilitokea ziwani, pole pole, ikiwatafuta wenzake. Maofisa wake walitaka kutoka kuishambulia. Alikataa. Inawezekana alikuwa na haki: ile ilikuwa meli ya urefu wa mita 70 hivi, na yeye alikuwa na Fifi na boti ndogo. Lakini tangu hapo hakuishambulia tena, na ugomvi wake na Wabelgiji ulizidi. Nani anampa nani amri? Mkuu wa nchi kavu alitaka meli zisaidie mashambulizi yake. Mkuu wa maji alisema maji ni yake. Majeshi mawili ya upande mmoja yalikaa bandari moja bila kukubaliana, wakati adui yuko ng'ambo. Ndege za Wabelgiji ndizo zilizokwenda kutupa mabomu Kigoma. Mwisho Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen mwezi wa Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia mji kwa upande wa nchi kavu. Waingereza waliiinua baadaye, ikapewa jina la Liemba mwaka 1927, na vizazi vya wasafiri wa ziwa vimeipanda.

Cheo kinapokosekana mezani

Ingekuwa rahisi kumcheka mtu wa sketi na kuishia hapo. Lakini tatizo alilolitatua kwa uongo, mataifa makubwa yalilitatua kwa sheria, na sababu ilikuwa ileile.

Mwaka 1937 François Darlan, mkuu wa Jeshi la Majini la Ufaransa, alikwenda London kwenye kutawazwa kwa mfalme George VI. Ufaransa ilikuwa na moja ya majeshi makubwa ya majini duniani, lakini cheo cha Darlan kwenye karatasi kilikuwa cha makamu wa amirali. Watu wa protokoli hawahesabu meli; wanahesabu vyeo. Inasimuliwa kwamba alipangiwa kiti nyuma ya nguzo, baada ya amirali wa China, na kwamba hakusahau. Mwezi wa Juni 1939 Ufaransa ilimtengenezea cheo cha amirali wa meli zote. Hakuna mwingine aliyewahi kukivaa.

Wamarekani walikaa miaka mingi bila amirali hata mmoja. Neno lilinukia ufalme. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe viliwalazimisha: mwaka 1862 David Farragut akawa amirali wa nyuma, wa kwanza katika nchi yake, na mwaka 1866 akawa amirali kamili. Desemba 1944, walipokaa meza moja na Waingereza waliokuwa na vyeo vya juu kuliko vyao, walitunga sheria ya nyota tano. Leahy, King na Nimitz walizipata mwezi uleule, na Halsey mwaka uliofuata. Hawakuwa wamepigana vizuri zaidi wiki ile. Walihitaji kukaa sawa na wenzao.

Majirani wetu wamechagua njia mbalimbali. Mombasa, mkuu wa Jeshi la Majini la Kenya haitwi amirali. Ni meja jenerali, sawa na ndugu yake wa nchi kavu. Samson Mwathethe, baharia wa kwanza kuongoza majeshi yote ya Kenya, kuanzia 2015 hadi 2020, alikuwa jenerali. Njia hiyo inaondoa kazi ya kutafsiri: ukiona meja jenerali unajua uzito wake bila kuuliza kama anaogelea. Tanzania imeshika desturi ya Kiingereza, na wakuu wa Kamandi yake ya Wanamaji wanajulikana kama maamirali wa nyuma. Kongo imebaki na majina ya Kifaransa, na inajua pia kuvuka kutoka ngazi moja kwenda nyingine: Didier Etumba, aliyeshika ukuu wa majeshi yote kuanzia Novemba 2008 hadi 2018, alitoka majini akiwa na cheo cha amirali, kisha habari zikaanza kumtaja kama jenerali. Mtu ni yuleyule. Jina lilifuata kiti.

Kwa raia wa Kalemie au wa Baraka, yote haya yana matumizi ya kawaida. Boti ikizuiliwa, au mzigo ukishikwa, au ndugu akikamatwa ziwani, swali la kwanza ni nani mkubwa hapa. Galoni tatu za majini ni sawa na kapiteni wa nchi kavu, ingawa karatasi inasema luteni. Galoni nne ni majori. Tano ni ukoloneli, na rangi inakuambia kama ni kamili. Nyota zikianza, barua iandikwe kwa adabu na ipitie kwa wadogo wake kwanza, kwa maana amirali hasomi barua za bandarini.

Spicer-Simson alimaliza vibaya. Mwezi wa Juni 1916 alifika Bismarckburg, Kasanga ya leo upande wa Tanzania, amechelewa. Wajerumani walikuwa wametoroka usiku kwa mitumbwi, na askari wa nchi kavu wa Uingereza waliokuwa wamekwisha kuuteka mji waliicheka sketi yake waziwazi. Alirudishwa kwao akiwa mgonjwa na hakupewa tena kuongoza meli. Alikufa Kanada mwaka 1947. Watu wa pwani ya Lukuga hawakumwita komanda wala amirali. Waliangalia kile kitambaa kiunoni, wakamwita Bwana Chifunga-tumbo.